UZI: Kabla hujanunua mashine, jifunze mbao (kwa anayetaka kuwa seremala Nairobi)

FundiKinoo

Watu wangu, habari za jioni. Humu ndani haipiti wiki bila kijana kuuliza, "Nataka kujifunza useremala, ninunue mashine gani?" Majibu yanamiminika, huyu anasifu dril yake, yule grainda yake. Hakuna anayemuuliza kijana kama anajua ubao alioushika umekatwa lini. Ndiyo maana leo naandika kwa urefu.

Niko Kariobangi Light Industries. Kazi yangu ni vitanda, milango, meza na kabati za jikoni. Nimelea wanagenzi, baadhi yao sasa wana karakana zao, na neno ninalowaambia kuliko yote ni hili: mbao mbichi ndizo zinazotuharibia jina. Mkono wa fundi wa Nairobi ni mzuri. Pita Ngong Road upande wa Dagoretti Corner utazame vichwa vya vitanda vilivyochongwa, utakubali. Lakini kitanda hicho hicho kikae nyumbani miezi sita, kinaanza kulia kila mtu akijigeuza. Sababu ni kwamba tundu la kiungo lilichimbwa, na ulimi, ile ncha ya ubao inayoingia humo, ukachongwa mbao zikiwa bado na maji. Zilipokauka, ulimi ukasinyaa ndani ya tundu, gundi ikaachia, na sasa miguu inacheza.

Mteja hasemi "niliuziwa mbao mbichi." Anasema "mafundi wa jua kali ni wabaya," halafu anaenda kununua kitanda kilichotoka ng'ambo kwenye duka lenye vioo.

Sasa tuingie kwenye mbao zenyewe. Mti ukiangushwa umejaa maji. Paini changa inaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi mbao yenyewe ikiwa kavu. Maji yaliyo ndani ya vishimo vya mbao hutoka kwanza, na wakati huo ubao haubadiliki umbo. Ukishafika kwenye asilimia 30 hivi, yanaanza kutoka yale yaliyonywewa na kuta za vishimo vyenyewe, na hapo ndipo ubao unasinyaa. Hapa Nairobi, ubao uliokaa ndani ya nyumba hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Kwa hiyo kati ya 30 na 12 kuna safari, na swali ni kama safari hiyo itafanyika kwenye karakana yako au sebuleni kwa mteja.

Tena haisinyai sawasawa. Kwa urefu ni kidogo mno, huwezi hata kuona. Kwa upana ndiko kwenye shida, na ubao uliochanwa ukifuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya ule uliochanwa kuelekea kwenye kiini. Chukua meza ya upana wa futi 3 iliyotengenezwa kwa mbao mbichi. Ikikauka inaweza kupoteza zaidi ya inchi nzima. Kama fundi aliigongomea misumari kwenye fremu pande zote, ile inchi itatoka wapi? Itatoka katikati, kama ufa.

Hata mbao zilizokauka vizuri hazikomi kupumua. Mvua za Machi hadi Mei zikija, mlango unavimba na kukwama. Ikifika Januari na Februari, kiangazi kinaukausha na mwanga unapita pembeni. Fundi anayelijua hili hapigi gundi kwenye paneli ya mlango. Anaiacha ielee ndani ya mfereji wa fremu, na nafasi ndogo kila upande. Ubao wa juu wa meza anaushika kwa vipande vidogo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji, ili ukitaka kupanuka upanuke. Vitu hivi havihitaji mashine yoyote, vinahitaji mtu aliyefundishwa.

Samaki tunaambiwa tumkunje angali mbichi. Ubao ni kinyume chake kabisa.

FundiKinoo

Naendelea. Mtauliza, kama mafundi wanajua haya, mbona bado wanatumia mbao mbichi? Wengi wanajua. Tatizo liko kwenye pesa, na kijana anayeingia kazini alielewe mapema kwa sababu ndilo litakalomfunga.

Karakana nyingi za hapa hazina mtaji. Mteja anakuja, mnapatana kitanda cha futi 5 kwa 6, tuseme kwa shilingi 20,000, anatoa depo ya 10,000. Fundi anachukua depo hiyo hiyo, anaenda Gikomba au yadi ya karibu, ananunua mbao za kitanda hicho, siyo ubao mmoja zaidi. Mbao zimeshuka kutoka kwenye lori jana. Mteja anataka kitanda Jumamosi. Kuanzia hapo hata fundi awe na mikono ya dhahabu, kitanda kimeshaharibika. Mbaya zaidi ni pale depo ya mteja wa leo inapomalizia kazi ya mteja wa wiki iliyopita. Ukifika hapo unakimbizana na simu, kila anayepiga unamwambia "kesho", na hutapata tena nafasi ya kuchagua mbao.

Na mbao zenyewe zimebadilika. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Nia ya kulinda misitu na vyanzo vya maji naiunga mkono, lakini karakana zilisikia uchungu. Saiprasi na paini zilipanda bei, lori zikawa zinatoka Tanzania, na mahogani ikaendelea kuja kutoka Kongo kupitia Uganda. Miti ya mashambani, mgrevilea na mkaratusi, ikakatwa ikiwa michanga. Rais alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, kesi zikaenda mahakamani, lakini tabia ya kukata mti mchanga na kuuleta sokoni ukiwa unadondoka maji haikuondoka na tangazo.

Ninachofanya mimi ni hiki. Kila kazi ikilipwa, natoa kitu kidogo na kununua mbao ambazo bado hazina mteja. Nne, tano, kadiri ya uwezo. Nazipanga.

Kupanga kwenyewe ni kazi. Chini unaweka matofali yaliyosawazishwa kwa pimamaji, kwa sababu rundo likianza limepinda mbao zitakaukia kwenye kupinda huko huko. Juu ya matofali mihimili. Kisha tabaka la kwanza la mbao, zikiachana kidogo. Halafu vijiti vya unene wa inchi moja, vikavu, kila baada ya futi moja na nusu hadi mbili, na kila kijiti kikae juu ya kijiti cha tabaka la chini, mstari mmoja wima kama nguzo. Kijiti kikikosa mwenzake chini, ubao unabonyea hapo. Vichwa vya mbao navipaka rangi iliyobaki au gundi nzito, maana maji hukimbilia kutoka kichwani na kichwa kikikauka haraka kinapasuka. Juu kabisa naweka uzito, na bati la kuzuia jua na mvua. Upepo upite katikati, jua lisipige. Saiprasi ya inchi 1 ikipangwa hivi inaweza kuwa tayari kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi, lakini msimu wa mvua au baridi ya Julai ni miezi. Mahogani ya inchi 2 usiifikirie kabla ya nusu mwaka.

MamaWatatu_Kayole

Fundi, asante kwa somo. Sisi wateja tunaibiwa kwa kutojua. Nilitengenezewa kabati kwa pesa nyingi tu na milango yote miwili imejikunja, haifungi. Mtu kama mimi nitajuaje mbao ni mbichi kabla sijatoa pesa?

FundiKinoo

Pole sana mama. Anza kwa mkono. Shika mbao mbili za saizi moja, ile mbichi ni nzito na ina baridi kwenye shavu ukiigusisha. Vumbi lake likikatwa linashikana kama unga uliotiwa maji, wakati la ubao mkavu linapeperuka. Mwombe fundi akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, siyo kichwani, kwa sababu vichwa vinakauka kwanza na vitakudanganya.

Ukitaka uhakika, kipande hicho kipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kiweke kwenye ovena ya joto la nyuzi 100 au zaidi kidogo, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito usishuke tena. Kama kilikuwa gramu 130 na kimebaki 100, zile 30 zilizopotea ukizigawanya kwa 100 iliyobaki unapata asilimia 30. Hizo ni mbao mbichi mama, usikubali. Kama kilikuwa 113 kikabaki 100, mpe fundi depo yake. Kipo pia kifaa kidogo chenye sindano mbili, unakidunga kwenye ubao kinasoma unyevu. Fundi anayefanya kazi za milango asikose hicho. Mimi naona kina faida kuliko dril ya pili.

Na mama, fundi akikuambia "nipe wiki sita" usimkimbie. Muulize wiki hizo anazitumia kwa nini. Akikuonyesha rundo lake, kaa naye.

Msumeno254

Mzee nakuheshimu, lakini wengine tuko Gikomba na maisha siyo hayo. Kwanza kodi. Pili nafasi, karakana yangu ukiweka rundo la mbao mimi nasimama nje. Tatu moto. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliua watu 15 hapa, na ulianzia upande wa mbao. Wenzetu walikuwa na stoki, asubuhi wakakuta majivu. Utaniambia nirundike mbao nisubiri nini? Mteja anataka wiki moja, nisipompa anaenda kwa jirani.

FundiKinoo

Msumeno, hayo uliyosema yote ni kweli na sitayapinga. Waliopoteza ndugu na mali Gikomba hawahitaji kuhubiriwa kuhusu stoki. Nilichosema ni mbao nne, tano, na hizo hazilazimiki kukaa Gikomba. Kuna fundi namjua anapanga zake kijijini kwao, kila akienda anarudi na zilizokauka kwenye gari la mboga. Mwingine ameziinua juu ya kenchi za karakana, chini ya bati, nafasi ambayo haikuwa na kazi. Huko juu angalieni tu joto la bati lisizikaushe kwa pupa.

La mteja wa wiki moja, hapo mimi na wewe tunatofautiana kidogo. Mteja wa wiki moja mpe kitu kinachokubali wiki moja. Blokibodi, plaiwudi, MDF, yaani zile mbao za kiwandani zilizoshikanishwa kwa gundi, hazisinyai na kupanuka kama mbao za mti, zinakuja zimekatwa milimita 2440 kwa 1220, na kabati la MDF lililofanywa vizuri ni kazi ya heshima kabisa. Mwambie wazi: ukitaka haraka, hii, ukitaka mahogani, subiri. Nimeona wateja wakichagua kusubiri, na nimeona wakichagua MDF. Wanaochukia ni wale wanaodanganywa. Ila MDF isiguse maji, chini ya sinki uiweke miguu na uzibe kingo zake zote, maana ikishavimba hairudi.

Na usisahau wenye kazi kubwa wanatutazama. Serikali ilipoanzisha mpango wa nyumba za bei nafuu ilisema milango na madirisha itoke kwa mafundi wa jua kali. Mlango mmoja ukijikunja kwa mama wa Kayole, ni simu moja. Milango mia ikijikunja kwenye jengo moja, kazi hiyo hatutaipata tena sisi sote.

Msumeno254

La kenchi nimelichukua. La mteja kusubiri bado sijaliamini, nitajaribu na mmoja.

KijanaWaDando

Fundi, mimi nimemaliza kidato cha nne, nyumbani hakuna pesa ya chuo cha maana. Niende karakana nijifunze kwa mtu, au nitafute chuo? Na cheti kina maana gani kama kazi ni mkono?

FundiKinoo

Kijana wangu, vyote viwili, kwa mpangilio unaouweza. Vyuo vya ufundi vya kaunti vina karo nafuu kuliko unavyodhani, nenda mwenyewe ukaulize, usitegemee habari za mtaani. Chuo kitakufundisha kusoma mchoro, hesabu ya vipimo na majina ya viungo. Karakana itakufundisha mteja, bei, na kufanya kazi stima ikipotea.

Ukianza karakana, cheti hakijakupita. Kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wale wa Industrial Area, una ngazi tatu. Unaanza Gredi ya Tatu, unapanda Pili, kisha Kwanza. Mtu aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kuufanya. Na sasa kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi wa mtu ambaye hakupita darasani. Cheti hakichongi ulimi, lakini siku kampuni ya ujenzi inataka mafundi, au unataka kuomba zabuni, karatasi hiyo ndiyo inayofungua lango.

Kuchagua wa kukufundisha ni muhimu kuliko kuchagua chuo. Usiangalie fundi mwenye mashine nyingi. Angalia kama patasi zake ni kali. Omba kuona moja, igeuze, uangalie mgongo wake. Mgongo bapa unaong'aa ncha nzima ni wa mtu anayejua. Mgongo wenye kutu na mdomo uliomung'unyuliwa na grainda, ondoka. Kwenye kinoo patasi husuguliwa mgongo kwanza mpaka uwe bapa, halafu mdomo kwa nyuzi 25 hivi, na ukingo wa mwisho kabisa nyuzi 30. Utajua imekubali ukisikia kwa kidole uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Huo unauondoa kwa kusugua mgongo mara moja mbili. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa saiprasi. Ikikata kwa utulivu na kuacha uso laini, iko tayari. Ikiponda nyuzi za mbao, rudi kwenye kinoo.

Miezi ya kwanza utafagia, utapanga mbao, utapiga msasa, utanoa. Usione unaonewa, mradi unapewa nauli na chakula na kuna kitu kipya unachoelezwa. Ukiona umefagia muda mrefu na hakuna aliyekuruhusu kushika randa, huyo hakufundishi, amepata kibarua wa bure. Hama.

BintiWaUmoja

Na sisi wasichana? Nilienda karakana mbili, zote wakanielekeza kwenye kupaka vanishi. Nataka kuchana na kuunganisha. Pia naomba uongee kuhusu msumeno wa meza, nimeona watu wengi wana vidole pungufu na inanitia hofu.

FundiKinoo

Binti, kupaka vanishi ni ufundi lakini hukuuendea huo, kwa hiyo usikubali. Anayekuzuia kuchana hana sababu yoyote ya kikazi. Ubao wa futi 12 hata mimi nausukuma na mtu akipokea upande wa pili. Nguvu siyo inayochana, ni msumeno mkali. Tafuta karakana ya tatu, na siku ya kwanza sema wazi unachotaka kujifunza.

Hofu yako ni nzuri, ibaki nayo. Wengi wanadhani ajali ni kidole kuteleza tu. Mara nyingi ubao ndio unaorushwa, na mkono unafuata. Msumeno unazunguka ukija kwako upande wa juu. Ubao ukijifunga nyuma ya meno, yale meno ya nyuma yanauinua na kuurusha kifuani kwako. Na ubao gani hujifunga? Ule uliokauka vibaya, nje mkavu ndani mbichi, una nguvu zinazovutana ndani. Ukiuchana tu unajifunga wenyewe. Ndiyo maana nyuma ya msumeno panatakiwa pawe na kile kisu chembamba cha kuzuia mbao kufungana. Karakana nyingi za hapa wamekitoa, wengine hawakuwahi kuwa nacho. Ukikuta hakipo, uliza kabla hujawasha. Simama pembeni ya mstari wa msumeno, usisimame kwenye mstari wenyewe. Ubao ukiwa mwembamba, malizia kwa kijiti cha kusukumia. Glavu usivae, zinavutwa.

Na barakoa vaa kila siku, hata kama wazee wanakucheka. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO tangu 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Hili silisemi kuwatisha. Nimewazika wazee wa kazi hii waliokohoa miaka, na sitajua ni vumbi au la, lakini barakoa ni bei ya chai na mandazi.

Wenye karakana mnaosoma hapa: sheria ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini inawataka muwe na bima ya wafanyakazi wenu. Mwanagenzi akikatwa kidole, mchango wa M-Pesa wa kikundi hautoshi.

KijanaWaDando

Asante sana mzee. Swali la mwisho. Nikipata patasi na msumeno wa mkono, kazi ya kwanza nifanye nini?

FundiKinoo

Stuli. Miguu minne, viunga vinne vya chini, vinne vya juu, kikalio. Usinunue mbao mpya, tafuta mabaki ya saiprasi yaliyokaa karakana ya mtu kwa muda, wengi watakupa au watakuuzia kwa bei ndogo. Usitumie msumari hata mmoja. Viungo vyote ulimi na tundu, ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mguu, uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana sana na utapasua mguu. Ukiingia wenyewe umelegea, tupa ukate mwingine. Gundi nyeupe ya mbao, kaza kwa klempu, au kwa kamba iliyosokotwa na kijiti kama huna, uache mpaka kesho yake. Kikalio ukishike kwa vile vipande vya kuteleza nilivyosema, si kwa gundi.

Ukimaliza weka picha hapa, moja ya stuli nzima na moja ya kiungo kwa karibu. Nitakwambia pa kurekebisha.